Aliyemwonyesha Ngigi

Makongeni, Thika
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako Mama,

Habari za Ruiru? Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila koo limekauka kwa kelele za Kidato cha Tatu. Natumaini Obiero alikufikishia ile barua ya Pasaka pamoja na mkate, na kwamba hakukupa mkate wa jana. Bado unakunywa chai bila sukari, kama mtu aliyekatazwa na daktari?

Walimu wenzangu hunicheka. Wanasema Thika na Ruiru ni pua na mdomo, nani anaandika barua siku hizi. Nawaambia mama yangu aliyaacha masikio yake kwenye mashine za kiwanda cha nguo hapa Eneo la Viwanda, miaka ishirini na miwili, na simu haimfai kitu. Kuhusu meseji, nawaambia ulivyosema, kwamba hayo ni maneno ya kurushiana kama mawe. Basi tuendelee na Obiero na gari lake la mkate.

Lakini nakuomba, juu ya bahasha usiandike Maitu. Obiero amejifunza Kikuyu siku hizi, anajua maana yake ni mama, na aliniuliza mbele ya watu mbona mzee anamwita binti yake mama. Nikamweleza kwamba nina jina la nyanya, Warigia, na kwetu mwenye jina ndiye mtu mwenyewe. Akasema, "Basi mwalimu, wewe ndio umezaa huyo mathe. Umlee vizuri."

Sasa kaa chini kabla ya kusoma haya mengine. Ijumaa Mwalimu Mkuu Muthoka alituita ofisini akiwa ametabasamu hadi magego. Ukumbi mpya wa shule umekwisha. Umejengwa na Njau wa Ruiru, yule mwenye ghorofa unazoziona ukifungua dirisha lako, na ameuita kwa jina la marehemu baba yake. Ukumbi wa Chifu Ngigi. Herufi za shaba, Mama, juu ya mlango, kila moja kubwa kama kichwa changu. Utafunguliwa Ijumaa tarehe 20 Juni.

Nilihisi damu imenipanda mpaka machoni. Ngigi yule yule. Na kuna msichana darasani mwangu anaitwa Ciku, mjukuu wa Njau, yaani kitukuu cha Ngigi. Hajui lolote. Anakaa mbele, anacheka, anasoma kwa sauti nzuri kuliko wote.

Muhula huu nafundisha ukoloni kwa njia yangu. Naandika ubaoni sentensi ya kitabu cha Historia, kisha chini yake mwanafunzi anaandika sentensi ya mzee wa kwao. Kitabu chetu kinasema wananchi walihamishiwa vijijini kwa ajili ya usalama wao. Odhiambo akainua mkono, "Mwalimu, hii kitabu ilikuwa inaongea na nani?" Nilitaka kumkumbatia. Kwenye Fasihi wanaandika upya yale waliyoyasikia nyumbani, kama hadithi ya mtu anayesema "mimi".

Niandikie yako, Mama. Maisha yangu yote umenipa vipande tu. Sasa nataka yote, nijue pa kumpiga.

Binti yako,
Warigia


Ruiru
Ijumaa, 16 Mei 2025

Kwako Maitu (nitaandika hivyo hivyo, Obiero ashike usukani wake),

Nimepata barua na mkate, na ulikuwa wa leo. Magoti ni yale yale. Mungu bado hajachoka nami. Wewe kunywa maji ya moto na limau, uache kupigia kelele watoto wa wenyewe.

Nilisoma habari za herufi za shaba nikavua miwani, nikaivaa tena, nikasoma tena. Kwa nini asingoje nife kwanza? Miaka sabini nimengoja mtu mmoja tu aseme jina la Ngigi mbele ya watu bila kumwita mheshimiwa. Mama yangu alikufa akingoja hivyo hivyo. Sasa andika hivi, usibadilishe.

Nilikuwa na miaka mitano. Ilikuwa mwaka wa 1954, wakati wa hali ya hatari. Walichoma nyumba zetu, wakatusukuma kwenye kijiji cha waya, tukakaa familia tatu kwenye kibanda kimoja. Wanawake walichimba handaki kuzunguka kijiji chote, wakachomeka mianzi iliyochongwa ndani yake, ili waume wao waliokuwa msituni wakipigana na Wazungu wasije kuwaona. Mama yangu Warigia alichimba akiwa na mimba ya miezi saba. Ngigi alikuwa chifu wa Wazungu. Alisimama juu ya udongo na koti lake refu akisema, "Warigia, hilo jembe linabembeleza udongo." Mtoto yule alizaliwa handakini, hakulia hata mara moja. Mama alirudishwa kuchimba siku ya tatu.

Kabla ya hayo, wakati nyumba zetu bado zimesimama, walimchukua baba. Alikuwa ametoka msituni kutuona. Alijificha kwenye shimo nyuma ya ghala la mahindi, juu yake majani ya migomba. Hakuna mgeni ambaye angelijua shimo lile. Mtu alimwonyesha Ngigi. Wakamtoa baba wakimburuta kwa miguu, akapelekwa kizuizini, na hatukupewa hata maiti.

Wakaja kupima mashamba. Asiyekuwa na mwanamume wa kusimama kwenye mpaka hakuandikwa. Kwenye mpaka wetu alisimama Ngigi. Ndiyo hapo ghorofa za Njau zilipo leo. Kila asubuhi naanika nguo nikitazama shamba la baba yangu limeota sementi.

Waambie. Nataka wasikie wakiwa wamevaa suti, wamekaa kwenye viti vya mbele, wasiweze kuinuka. Nataka hicho chakula cha sherehe kiwakwame kooni.

Mimi mamako, na mtoto wako pia,
Nyakio


Makongeni, Thika
Jumapili, 25 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Sikuulizi hali, najua huwezi kuwa sawa baada ya kuandika yale. Mimi nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nililia chooni, mahali pekee pa mwalimu kulia. Mara ya nne sikulia tena. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi na mpango wote kichwani.

Sikiliza. Mwalimu Mkuu anataka mwanafunzi mmoja asome kazi ya darasa siku ya ufunguzi. Wageni wanapenda vitu vya watoto. Nimemwambia ni hadithi ya bibi mmoja mzee na handaki, naye hakuuliza zaidi. Na atakayesoma ni Ciku.

Ndiyo, Mama. Jina la Ngigi litatoka kwenye kinywa cha damu yake mwenyewe. Nikisimama mimi watasema ni mwalimu mwenye kijicho. Akisoma Ciku, Njau atamkatiza nani?

Yeye hajui. Kwenye karatasi ya mazoezi nimeandika "chifu wa kijiji" tu. Jina nitalitia kwenye nakala safi, nimpe asubuhi ya siku yenyewe. Kila siku saa nne namwita kwenye chumba cha walimu tufanye mazoezi, nampa chai yetu ya walimu, ile ya maziwa mengi. Ungeona anavyokishika kikombe. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunywa chai humo ndani, na kwa chai hiyo angenisomea hata kitabu cha simu. Juzi kwenye sehemu ya mtoto aliyezaliwa handakini aliweka kikombe chini, akaniuliza, "Mwalimu, huyo chifu alikuwa na watoto? Walikuwa wanajiskia aje?" Nikamwambia asome tena kutoka juu.

Bado kitu kimoja. Umeandika kwamba mtu alimwonyesha Ngigi shimo. Nani? Nipe jina lake. Hata kama ni wa ukoo wetu, hata kama watoto wake tunasali nao kanisa moja, sitamwacha. Ngigi alikuwa mtu wa Wazungu na alijulikana hivyo. Huyu alikula kwenye sufuria ya nyanya Warigia kisha akamuuza mumewe. Kwangu huyo ni mbaya kumshinda Ngigi, na nataka asomwe pamoja naye siku hiyo hiyo, kwenye karatasi moja.

Binti yako,
Warigia


Makongeni, Thika
Jumapili, 8 Juni 2025

Kwako Mama,

Wiki mbili kimya. Obiero anasema amekuona dukani ukinunua unga, ukamsalimia, lakini bahasha hukumpa. Je, unaumwa? Kama ni macho, mwombe Idah jirani akuandikie, ingawa najua hutaki aingie mambo yetu.

Ama unamlinda huyo mtu? Mama, amekufa au yuko hai, jina lake halina thamani ya kulindwa. Zimebaki siku kumi na mbili. Niletee hilo jina.

Binti yako,
Warigia


Ruiru
Jumatatu, 16 Juni 2025

Kwako Mama,

Leo sikuandika Maitu wala sifanyi mzaha. Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba usome barua hii ukiwa umekaa, na mlango umefungwa.

Unajua msichana wangu wa kwanza alikwenda kwa jina la mama wa babako, ndivyo desturi ilivyo. Wewe wa pili ndiye niliyekungoja. Ulipotoka nilikushika nikasema, Mama umerudi, sasa nitakuambia. Lakini ulikuwa mdogo, nikasema akikua. Ulipokua nikasema akiolewa. Nimekula miaka arobaini na tano hivyo. Mama wa kwanza alikufa sijamwambia, na sitaki wa pili afe, ama nife mimi, kabla sijasema.

Ni mimi niliyemwonyesha Ngigi.

Walikuja asubuhi, wewe ulikuwa umekwenda mtoni. (Unaona ninavyoandika? Nasema na Warigia, na wewe ndiye Warigia.) Askari walibaki njiani. Ngigi alikuja peke yake, akachuchumaa mbele yangu, mtu mkubwa vile, mpaka macho yetu yakawa sawa. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuchuchumaa kunisemesha. Alitoa mfukoni kipande cha sukari guru kilichofungwa gazetini. Akasema ameambiwa mimi ni msichana mwerevu kuliko wote wa upande ule. Akaniuliza, "Baba akikuja kukuona, yeye hupenda kulala wapi?" Nikamshika mkono nikampeleka. Nilifurahi, Mama. Nilikuwa najivuna. Nilijua kitu na chifu hajui.

Walipomburuta baba, ile sukari ilikuwa bado mdomoni, na sikuweza kuitema wala kuimeza. Uliporudi ulinikuta nimekaa mlangoni, ukadhani nimenyamaza kwa hofu. Daktari hajawahi kunikataza sukari.

Kwa hiyo jina ulilotaka ni hilo. Liandike ukipenda. Lakini mtoto wa watu mwache. Nilisoma habari za chai yako ya maziwa mengi nikatupa barua chini. Ngigi alinichagua kwa sababu nilikuwa mtoto, na mtoto anapenda kupendwa. Wewe umemchagua Ciku kwa sababu gani? Ya Ngigi nitayabeba mpaka kaburini, sitamsamehe, wala wewe usimsamehe. Nataka jina lile ling'olewe pale juu ya mlango kwa nyundo. Lakini si kwa mkono wa yule msichana. Ijumaa njoo unichukue asubuhi. Nitasimama mimi na fimbo yangu, nisome mwenyewe, yangu na ya Ngigi pamoja. Sitasikia wakinizomea, hiyo ndiyo faida ya viwanda.

Kesho asubuhi nampa Obiero barua hii mkononi mwake. Ukinijibu, usinijibu kama binti. Nijibiwe na Mama.

Mtoto wako,
Nyakio


Makongeni, Thika
Jumapili, 22 Juni 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi, na ushindi ni wetu! Hukunijibu, lakini leo sina hasira nawe. Obiero hajaonekana tangu Jumanne mchana, nasikia amekwenda kwao Ugenya kumzika mjomba wake, kwa hiyo hii anakuletea Nzioki aliyeshika gari lake.

Watu walijaa hadi madirishani. Njau alikaa kiti cha mbele na suti ya kijivu, wake zake na jamaa pande zote. Aliposikia Ciku anaitwa, alijigeuza kwa wageni akasema kwa sauti, "Huyo ni wangu." Ciku akasoma waya, akasoma handaki. Kisha akafika kwenye jina. "Chifu Ngigi alisimama juu ya udongo." Akashusha karatasi. Hakumtazama babu yake, alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, aendelee. Akaendelea, Mama. Alisoma mpaka mwisho, na Njau aligeuka rangi ikawa ile ya suti yake. Wazee wa Makongeni waliokuja kula tu waliinuka. Mama mmoja alianza kulia kwa Kikuyu, kisha wengine wakafuata. Mwalimu Mkuu alitafuta pa kuweka macho akakosa.

Kwa kuwa hukunipa lile jina, nilitunga mwisho mwenyewe: "Na yule aliyemwonyesha Ngigi, awe nani, asipate raha maishani wala kaburini, na mama yake asimpokee." Ukumbi mzima ulisema amina. Nilitamani ungekuwapo uisikie hiyo amina, hata kwa miguu, maana sakafu ilitikisika.

Baada ya hapo Njau alimshika Ciku mkono, juu ya kiwiko, akampeleka kwenye gari. Wakati anapita karibu nami msichana alitaka kusema kitu. Nitamwona kesho darasani. Mwalimu Mkuu ameniandikia barua nijieleze, na waniandikie kumi, sijali. Herufi bado ziko, lakini sasa kila atakayepita chini yake anajua.

Sijalala vizuri, ila ni furaha.

Binti yako,
Warigia


Ruiru
Jumatano, 25 Juni 2025

Kwako,

Nimepata. Barua yangu ya tarehe 16 hukuipata. Iko na Obiero. Ukishaisoma, rudia kusoma yako, nimeitia humu.

Usije kwa sasa.

Nyakio


Ruiru, kwenye ngazi za nyumba yako
Jumapili, 29 Juni 2025

Kwako Nyakio,

Nimekuja ingawa ulinikataza. Nimebisha mpaka Idah akatoka, akaniambia umo ndani tangu Alhamisi, sahani za chakula anazoweka mlangoni unazirudisha nusu. Najua husikii mlango. Najua pia umeona kivuli changu chini yake, maana umesogeza kiti. Kwa hiyo naandika hapa hapa, karatasi juu ya goti, na nitaisukuma ndani.

Obiero alirudi jana. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la mazishi. Aliniletea mwenyewe mpaka nyumbani, amevua kofia, akasema, "Mwalimu, sorry sana, msiba ilinishika na hiyo kitu kwa mfuko." Niliisoma nimesimama. Nikakaa. Kisha nikafanya ulivyosema, nikarudia kusoma yangu, mpaka kwenye amina.

Kwanza nikuambie ya Ciku. Hajarudi shule. Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilikwenda kwa Njau, nikamwomba askari wa lango aniitie. Alikuja na malapa, akasimama upande wake wa vyuma.

"Mwalimu, ulikuwa unajua ni guka wetu?"

Nikamwambia nilijua chifu ni babu yao.

"So ile chai ilikuwa ya hiyo."

Nikamwambia ndiyo.

"Na venye ulisema nasoma poa? Pia hiyo?"

Nikamwambia hapana, hiyo ilikuwa kweli. Akasema hawezi kujua sasa, na akarudi ndani. Sikumwomba msamaha, maana angejiona lazima anipe. Kesho naandika kwa Mwalimu Mkuu kwamba msichana hakujua lolote, karatasi ni yangu, jina nilitia mimi, na laana ni yangu. Nakala moja nitampelekea Njau mkononi. Akitaka kunifukuzisha kazi, sawa. Lakini nakala hiyo itakuwa na yale yote uliyoniandikia, handaki, mtoto, mpaka wa shamba, na safari hii chini yake nitatia sahihi mimi, mtu mzima. Sijamsamehe Ngigi. Nyundo ya kung'oa zile herufi naitaka kama unavyoitaka. Tutaishika sisi wawili.

Sasa hili lingine. Uliniomba nisikujibu kama binti, na nimekaa kwenye ngazi hizi saa nzima nikiogopa, maana mimi ni mwalimu wa Makongeni, nitajuaje angesema nini? Lakini jina mlinipa ninyi wenyewe. Basi nasema.

Nyakio, nilirudi kutoka mtoni nikakukuta mlangoni, mdomo umefumba, na nilipokufumbua nikaona sukari. Niliiona. Tulikuwa hatuna sukari nyumbani. Nilijua siku ile ile, na nilikunawisha uso, na usiku nilikulaza upande wangu, na sikukuuliza kitu miaka yote kwa sababu hapakuwa na cha kukuuliza. Ulikuwa na miaka mitano. Mtu mzima alichuchumaa akakudanganya.

Kama si hivyo ilivyokuwa, Mama wa kwanza atanikemea tukikutana. Lakini hukumbuki ni nani alikunawisha uso?

Ile laana ilisomwa kwa jina la Warigia. Warigia anaifuta. Aliyemwonyesha Ngigi apate raha maishani na kaburini, na mama yake anampokea. Yuko hapa nje, amekaa kwenye sementi baridi, na ana mkate wa leo.

Fungua mlango, mwanangu.

Mama yako,
Warigia